Saa Inabaki Kwenye Msumari

Leo tutazungumza juu ya saa ya mkono. Msicheke. Tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya kofia, viatu na miwani ya kazi, na kila mtu anajua kwamba vitu hivyo ni vya usalama. Saa ya mkono ni namna ingine. Mara inamlinda mtu, mara inamchoma, na ni chombo kilekile.

Mimi nimependa saa tangu utoto. Watoto wengine wa kambi walipenda mpira, wengine walitamani baiskeli. Mimi, mgeni akiingia nyumbani kwetu, macho yangu yalikwenda kwanza kwenye mkono wake, kabla ya uso. Nilijua ni nani katika mtaa mzima mwenye saa ya kutia ufunguo, nani mwenye saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na nani mwenye saa iliyokufa ambayo anaivaa kwa heshima tu.

Baba yangu alikuwa na saa nzuri ya Uswisi, uso mweupe, mkanda wa ngozi ya kahawia. Aliinunua kwa akiba ya miezi mingi. Kila jioni aliitia ufunguo polepole, akihesabu kwa midomo, halafu aliitundika kwenye msumari karibu na kalenda. Asubuhi aliondoka kwenda mgodini, na saa ilibaki palepale kwenye msumari. Jumapili aliivaa. Kwa harusi aliivaa. Kazini, hata siku moja. Mimi nilikasirika sana juu ya jambo hili. Nilifikiri: huyu mtu ni mchoyo, anaogopa saa isipate vumbi. Kama ningekuwa mimi, ningelala nayo!

Tena, Baba hakuchelewa kazini hata kidogo. Posti ya kwanza ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Sireni ya kwanza ilimkuta amekwisha kuoga, ya pili ilimkuta njiani. Katika kambi zetu sireni ndiyo ilikuwa saa ya watu wote. Mama alipika kwa sireni, mwalimu alifungua shule kwa sireni, hata jogoo wa jirani walionekana kama wanaingoja. Redio ilipotaja saa ya Kinshasa, Baba aliongeza saa moja bila kuwaza, kwa sababu sisi wa upande wa Katanga tunatangulia Kinshasa kwa saa moja, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo.

Nilianza kazi mwaka 1976 katika garaji moja ya kamyo, msaidizi wa fundi wa umeme. Mshahara wa miezi ya kwanza ulikwenda wote kwenye saa: saa ya Japani, inayojijaza yenyewe, mkanda wa chuma unaong'aa. Niliivaa kazini siku ileile. Yaya mmoja wa garaji aliniambia, «Kijana, vua hiyo.» Nilimjibu kwamba inafungwa vizuri, haiwezi kuanguka. Alinitazama tu, akaendelea na kazi yake.

Wiki ya tatu nilikuwa nalegeza nati ya betri ya kamyo. Mkanda wa saa uligusa kichwa cha betri upande wa kujumlisha, na upande mwingine uligusa chuma cha kamyo. Sikupata hata muda wa kusema neno. Mkanda ukawa mwekundu kama chuma cha mhunzi, na mimi nikawa napiga kelele nikitafuta kifungo chake kwa vidole vinavyoungua. Mpaka leo nina pete ya kovu kwenye mkono wa kushoto, na wajukuu wangu wanafikiri ni alama ya saa.

Watu wengi wanasema betri ya gari haina nguvu, volti 12 au 24 haziwezi kuua mtu. Ni kweli, ukiishika kwa mkono mkavu husikii kitu. Lakini betri ile inaweza kutoa mkondo mkubwa sana kwa mara moja, na chuma chembamba kikiunganisha pande zake mbili, mkondo wote unapita hapo na kukichemsha. Saa ya chuma, pete ya ndoa, bangili, mnyororo wa shingo, vyote ni sawa mbele ya betri. Basi mafundi wa garaji, watu wa treni za betri chini ya udongo, na wewe unayetengeneza gari la shemeji yako Jumapili nyuma ya nyumba: vua kwanza, weka mfukoni au kwenye sanduku, halafu shika ufunguo.

Juu ya kuungua, neno moja kwa nyumba zote. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, si mbili wala tano. Hapo ndipo saa ya mwenzako inafaa: aitazame na kuhesabu. Pete na saa zitolewe upesi kabla mkono haujavimba. Kama kitu kimegandama kwenye ngozi, usikivute, waachie watu wa hospitali. Mafuta ya mawese, dawa ya meno, siagi, unga, hapana. Mimi nilipakwa mafuta na rafiki mwenye moyo mzuri, na mganga alipoyaosha siku ile nilijuta kuzaliwa.

Kwenye mashine zinazozunguka hatari ni ya namna ingine. Mashine ya kutoboa chuma, mkanda unaobeba mawe, puli, vyote hivi havijui kuachilia. Vikishika saa, vinavuta mkono pamoja na saa. Vikishika pete, vinaweza kuvua ngozi ya kidole kama unavyovua soksi. Nimekwisha kuona jambo hili mara moja, na sitaki kuliandika zaidi.

Na ninyi wa elektrolizi, kule Shituru Likasi na Luilu Kolwezi, ninyi mnajua habari ingine ambayo wapenzi wa saa wanaijua kwa uchungu. Mkondo mkubwa unaopita kwenye mabati ya shaba unazaa nguvu ya sumaku kuzunguka pale. Ndani ya saa ya kutia ufunguo kuna uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kama konokono. Ndio unaopumua na kupima wakati. Sumaku ikiushika, mikunjo yake inashikana, uzi unakuwa kama umefupishwa, na saa inaanza kukimbia. Mwenye saa anafika nyumbani anasema siku imekuwa fupi. Saa ya betri yenye mishale, ikikaribia sumaku ya nguvu, inaweza kusimama kabisa, halafu mtu akitoka inaendelea kutembea kama vile hakuna kitu kilichotokea, na dakika zimekwisha kupotea. Fundi anaweza kutoa sumaku ndani ya saa kwa muda mfupi, si kazi kubwa. Lakini jambo la maana si saa. Mfanyakazi aliyewekewa kifuani mashine ndogo ya kusaidia moyo asiingie pale kabla ya kuongea na mganga wa kazi, kwa sababu mashine ile nayo inaweza kusumbuliwa na sumaku.

Tena kuna asidi. Tone likiingia chini ya mkanda wa saa linakaa pale, linakula ngozi taratibu na mtu hajui. Likikupata, vua saa, osha kwa maji mengi, muda mrefu. Hata jasho tu na vumbi chini ya mkanda vinaleta upele, na watu wengine ngozi yao haipatani na nikeli iliyo katika mikanda ya bei rahisi. Mkono ukiwasha kila siku mahali palepale pa saa, usitafute mchawi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lilinifanya niandike.

Mwaka 1979 nilikuwa nimehamia mgodini, chini ya udongo, kikosi cha kutoboa mawe. Saa yangu niliiacha nyumbani kama Baba, kovu lilikuwa limenifundisha. Lakini niliitegemea kwa kuamka na kutoka, kwa sababu nilikuwa nimepanga nyumba mbali na kambi na sireni haikufika kule. Nilikuwa najisifu: wengine wanahitaji kupigiwa kelele, mimi nina saa. Saa ile nilikuwa sijaipeleka kwa fundi tangu niinunue. Mafuta ndani yake yalikuwa yamekauka, na kila siku ilibaki nyuma dakika tano hivi. Jumapili niliisahihisha. Siku ya Alhamisi ilikuwa imenidanganya karibu dakika 20, na mimi natembea polepole, napiga mluzi, najua niko mbele ya wakati.

Nilifika kwenye chumba cha taa, kikosi chetu kilikuwa kimekwisha kushuka. Nikachukua taa, nikatundika jetoni yangu, nikangoja lifti ya pili. Nilipofika mahali pa kazi, watu wa posti ya usiku walikuwa wamekwisha kuondoka, na kapita wetu alikuwa amekwenda kutafuta mawagoni. Mimi nilikuwa na haya. Mtu mwenye haya ya kuchelewa anataka aonekane amekwisha kuanza. Nikashika mashine. Kwenye uso wa mwamba kulikuwa na vitako vya matundu ya zamani, yale yanayobaki baada ya baruti kupasua. Kitako cha tundu kinashika ncha ya mashine vizuri, haitelezi. Tulifundishwa wote kwamba ni marufuku kutoboa hapo, au hata karibu ya hapo. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechelewa.

Mzee aliyekuwa anavuta mpira wa maji nyuma yangu alinipiga kwenye bega kwa mkono wake wote, nikaanguka magoti. Hakuniambia neno. Aliinua taa yake akaionyesha upande wa kushoto, hatua moja tu kutoka ncha ya mashine yangu. Kulikuwa na alama ya chokaa na kijiti. Rate: baruti iliyokataa kulipuka. Watu wa usiku walikuwa wameitambua mwisho wa kazi yao, kapita wao alimwambia kapita wetu, na kapita wetu aliwaambia wote. Wote waliokuwepo. Maneno yale yalichukua dakika mbili, na mimi sikuwa pale.

Sikulala usiku ule. Sikuogopa mshahara kukatwa, ingawa ulikatwa. Niliendelea kuona ule mkono wa mzee, na kujiuliza ingekuwaje kama angekuwa bado anafungua maji.

Ndiyo sababu ninabishana na wale wanaosema kuwahi kazini ni jambo la kumpendeza mkubwa. Wengine wanasema kuwahi ni desturi ya Wazungu, sisi tuna wakati wetu. Kwa harusi na kwa mazungumzo chini ya mwembe, nakubali, tuna wakati wetu, na ni mzuri. Lakini zile dakika za kwanza kwenye mgodi ni dakika za habari: jiwe gani limelegea, tundu gani limekataa, pampu gani imekufa, waya gani una umeme. Anayezikosa anaingia kazini kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Siku hizi mahali pengi habari hizi zinaandikwa katika daftari la kukabidhiana, na ni vizuri sana, lakini daftari halimpigi mtu kwenye bega.

Umechelewa? Inatokea, hata kwa mtu mwema: mtoto ameumwa, basi limekufa, mvua imekata njia. Basi umechelewa. Usikimbie kwenye ngazi, usiruke reli mbele ya treni, usiendeshe baiskeli kati ya kamyo. Na ukifika usishike chombo chochote. Tafuta kapita kwanza, akuambie yote aliyowaambia wengine. Nanyi makapita, mniwie radhi mimi mzee: mwambieni mchelewaji habari kwanza, mumgombeze baadaye. Kapita anayetukana mchelewaji mbele ya watu anamfundisha kuingia kwa kujificha, kama nilivyoingia mimi.

Kwa wapiga baruti, dakika zina uzito mwingine tena. Ule utambi wa zamani wa kuwashwa kwa moto, mita moja yake inaungua kwa muda wa karibu dakika mbili. Karibu. Kwa hiyo wazee wetu walikata kipande cha kila utambi mpya, wakakiwasha juu ya ardhi na kukipima kwa saa kabla ya kuuamini. Leo sehemu kubwa ya mlipuko unawashwa kwa umeme au kwa njia zingine, lakini saa haijatoka kazini. Baada ya mlipuko kuna muda wa kungoja uliowekwa na amri ya mgodi, nusu saa au zaidi, na hakuna anayerudi kabla haujaisha na hewa haijapimwa. Watu wanafikiri tunangoja vumbi lishuke. Vumbi ni dogo katika mambo hayo. Tunangoja baruti iliyochelewa kulipuka, na tunangoja moshi. Moshi wa baruti una hewa mbili mbaya. Moja haina rangi wala harufu; mtu anasikia usingizi na kichwa, halafu miguu inakataa. Ya pili ni ya kahawia nyekundu, inachoma pua, na ina ujanja wake: mtu anaivuta, anakohoa kidogo, anajisikia mzima, anarudi nyumbani, anakula. Baada ya masaa mengi, usiku, mapafu yanajaa maji. Mama wa nyumba, hili ni lenu pia. Mume akisema alivuta moshi wa baruti leo, na usiku anaanza kuhema kwa shida, usingoje asubuhi. Peleka hospitali na useme wazi: alivuta moshi wa baruti.

Katika kazi hiyo, saa mbili zisizopatana ni mbaya kuliko kukosa saa. Mpiga baruti anasema bado dakika tano, mlinzi wa njia anasema dakika imefika, anaondoka. Kwa hiyo saa zinalinganishwa mwanzo wa posti, zote kwa saa moja kubwa ya mgodi. Watu wa reli walijifunza jambo hili kwa damu. Katika Aprili 1891, kule Kipton, jimbo la Ohio, Marekani, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye reli, na watu walikufa. Moja ilipashwa kupisha njia kwa treni ya barua. Inasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama dakika nne, halafu ikaendelea kutembea yenyewe, naye hakujua. Baadaye kampuni ya reli ilimpa kazi mwuza saa mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, atengeneze amri za saa za watu wa reli: isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na ikaguliwe kila mara na mtu anayejua. Ninaposoma habari ile ninaikumbuka saa yangu ya 1979. Saa iliyosimama kabisa haidanganyi mtu. Ile inayotembea vibaya ndiyo adui.

Nyumbani sasa. Kuna jambo la saa linalowasumbua mama zetu, nalo ni hesabu mbili. Sisi tunahesabu tangu jua linapotoka: mshale mfupi uko kwenye 8 asubuhi, tunasema saa mbili. Mganga aliyesoma kwa Kifaransa anatazama saa ileile, anasema nane. Kwa kuongea tu tunacheka. Kwa dawa hatucheki. Chukueni dawa ya malaria inayotolewa siku hizi katika vituo vingi, ile ya artemeteri na lumefantrini. Ni mara sita kwa siku tatu. Mara ya pili inapashwa kuwa masaa 8 baada ya ya kwanza, halafu inaendelea asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Mtoto amepewa ya kwanza saa kumi na mbili jioni. Mganga anasema, ya pili saa mbili ya usiku, yaani mshale kwenye 2, kati ya usiku. Mama anasikia saa mbili ya usiku ya kwetu, na anampa mtoto baada ya masaa mawili tu! Kosa si la mama, wala la mganga peke yake. Basi mama, usiulize «saa ngapi». Uliza «baada ya masaa mangapi», au chora uso wa saa kwenye karatasi na mganga aweke mishale kwa kalamu. Na usiku ule amka kweli, umpe dawa pamoja na chakula kidogo au maziwa. Mtoto akitapika kabla saa moja haijapita, rudi ukaulize, pengine itapashwa kurudiwa.

Kwa baba wa posti ya usiku, jamaa wote wamsaidie kulala mchana. Mwili una saa yake ndani, na saa ile haisikii amri ya mkubwa. Saa nane hadi kumi na moja ya usiku inamvuta mtu kwenye usingizi hata kama amesimama. Pazia zito, watoto wacheze mbali, redio chini. Mgeni anayekuja saa nne asubuhi kusalimu, arudi jioni.

Nilitaka kumaliza hapa, lakini mpenzi wa saa hawezi kuacha habari ya saa inayowaka gizani. Baba mdogo wangu alikuwa nayo, ya zamani, namba zake za kijani. Nilijifunika blanketi kichwani ili niione inavyong'aa, nikaiweka karibu na jicho. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba ndani ya rangi ile ya zamani kulikuwa radiumu, na kwamba tangu 1922 sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka katika mawe yetu, Shinkolobwe karibu na Likasi, ikasafishwa Olen, Ubelgiji. Mawe yale yaligunduliwa mwaka 1915. Wakati uleule, kule Orange katika New Jersey, Marekani, tangu 1917 wasichana walipaka namba za saa kwa burashi ndogo, na walifundishwa kuinyoosha ncha kwa midomo yao. Kila namba walimeza kidogo. Waliambiwa haina ubaya. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno ili wang'ae kwenye dansi. Radiumu inakwenda kwenye mifupa kama chokaa, na inakaa. Meno yalitoka, mifupa ya taya ikaoza, wengi walikufa vijana. Watano kati yao walishitaki kampuni mwaka 1927, wakalipwa mwaka 1928, na tangu hapo watu walianza kuelewa kwamba mfanyakazi ana haki ya kujua ni kitu gani anachoshika.

Saa za namna ile bado zinapatikana katika masoko na katika masanduku ya mababu. Rangi imekwisha kuacha kuwaka, na watu wanafikiri nguvu imekufa. Iliyochoka ni rangi. Radiumu inahitaji miaka 1600 ili ipungue nusu tu. Kama kioo ni kizima na haifunguliwi, hatari yake kubwa haijatoka nje. Lakini usiifungue, usikwangue rangi, usimpe mtoto achezee, wala usiiweke chumba cha kulala. Saa mpya zinazowaka, tangu miaka ya 1990, nyingi zina rangi ingine isiyo na mionzi. Hizo vaeni bila wasiwasi.

Baba alikufa, saa ikaja kwangu. Siku ya matanga nilimwambia Mama lile nililoliweka moyoni tangu utoto, kwamba Baba aliipenda saa ile kuliko sisi, hata vumbi la kazi hakutaka iguse. Mama alinishangaa.

«Nani alikuambia ni ya kwake?» alisema. «Aliiacha kwa ajili yangu. Mshale ukifika hapa, ninaweka maji ya bukari kwenye moto. Ukifika hapa, anaingia mlangoni. Ukipita hapa na hajaingia, ninavaa kitenge changu na kwenda kusimama kwenye mlango wa mgodi.»

Nilimwuliza alikwenda mara ngapi. Aliinua vidole viwili.